Saini Iliyogoma: Kisa cha Mweka Hazina Asiyejibu

Jengo lina ghorofa 8, nyumba 32 na lifti moja. Siku lifti iliposimama, milango yake ilibaki nusu wazi ghorofa ya 4, na ikakaa hivyo zaidi ya wiki 5. Vocha ya malipo ya awali ya mkandarasi ilikuwa tayari tangu wiki ya kwanza. Fedha zilikuwemo kwenye akiba ya matengenezo makubwa, na mwenyekiti alikwisha kutia saini. Iliyokosekana ni saini ya mweka hazina, na mweka hazina hakuwa anapokea simu, hajibu ujumbe, hafiki vikaoni. Ukigonga mlango, unasikia redio inapunguzwa sauti.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya chama cha wamiliki wa jengo hilo. Nimeona kisa hiki kikisimuliwa mara kadhaa kama kisa cha mtu mkaidi aliyeteka jengo zima, na kwa muda mrefu nami nilikisimulia hivyohivyo. Lakini makaratasi ninayo, na makaratasi hayasemi hivyo. Yanasema pia kwamba sehemu ya kosa ilikuwa kwenye kalamu yangu.

Kwanza nieleze kwa nini saini moja iliweza kukwamisha watu wote hao. Katiba ya chama chetu iliweka watia saini 3 benki: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Hundi ilihitaji saini 2, na mojawapo lazima iwe ya mweka hazina. Ni kinga nzuri dhidi ya wizi, na aliyeiandika hakuwa mjinga. Alichosahau ni kuandika itakuwaje mweka hazina akiugua, akisafiri au akikasirika. Hatukuwa na naibu mweka hazina. Kamati ilikuwa na viti 7, kimoja kikiwa wazi kwa sababu mwenyewe aliuza nyumba yake akahama, na hakuna aliyehangaika kukijaza. Akidi ilikuwa wajumbe 4. Kwa hiyo mweka hazina asipofika na wawili wengine wakiwa safarini, kikao hakipo. Tuliishi hivyo zaidi ya mwaka bila kugundua kwamba tunatembea juu ya ubao mmoja.

Ghorofa ya 6 anaishi jirani anayetumia kiti cha magurudumu. Wiki ile ya kwanza alibebwa kushushwa hospitali na walinzi wawili, akarudishwa vilevile. Baada ya hapo hakushuka tena. Ndiyo maana mwenyekiti alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa ya haki. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele nitamlaumu.

Alichofanya mwenyekiti, baada ya siku 9 za kupiga simu bila kupokelewa, ni kuandika kwenye kundi la WhatsApp la wamiliki wote: "Kuna mtu mmoja kwenye kamati anawafanya wenzake mateka. Mnamjua. Mwulizeni yeye kwa nini lifti haifanyi kazi." Ndani ya saa moja kukawa na jumbe 60 na zaidi. Wengine waliuliza fedha ziko wapi. Mmoja alitaja neno "wizi" kwa kuzungukazunguka, jinsi watu wanavyotaja wanapotaka lisikike bila wao kuonekana wamelisema. Jioni ile mweka hazina alitoka kwenye kundi. Kabla ya hapo alikuwa hajibu. Baada ya hapo akawa hapatikani.

Hapa niseme bila kuzunguka: kumwanika mjumbe mbele ya wamiliki wote kabla ya kamati yenyewe kumwandikia barua hata moja ni kosa la kazi, mbali na utu. Maana tulipokuja kuhitaji kuonyesha kwamba tulimwita, tukamwomba, tukamkumbusha, ushahidi tuliokuwa nao ulikuwa simu zisizopokelewa na tusi.

Kikao kilichofuata kilikuja na mapendekezo matatu, yote mabaya. La kwanza: tuhesabu kimya kama ridhaa. Mjumbe mmoja alisema asiyejibu ndani ya saa 48 ahesabiwe amekubali, tuandike hivyo tuende benki. Hoja hiyo ina mvuto kwa sababu sote tumezoea kusema kimya ni kukubali. Lakini benki haisomi kimya, inasoma saini. Na hata ndani ya kamati, azimio linalopitishwa kwa maandishi bila kikao linataka watu waandike kwamba wamekubali, tena katiba nyingi zinataka wajumbe wote waandike. Ukianza kuhesabu wasiojibu kuwa wamesema ndiyo, siku moja litapita azimio ambalo hakuna aliyelisoma.

La pili: wamiliki wachange upya, fedha zipitie akaunti binafsi ya mwenyekiti, lifti itengenezwe, mengine baadaye. Mwenyekiti mwenyewe alilikataa, na hapo nampa heshima yake. Fedha ya chama ikishaingia kwenye mfuko wa mtu, hata mtu mwaminifu kiasi gani, anayepata shida ya kujieleza miaka inayofuata ni yeye. La tatu lilisemwa kwa kicheko, kwamba saini yenyewe ni mistari miwili tu, mtu yeyote anaweza kuiga. Sikuliandika kwenye muhtasari. Labda ningeliandika.

Likabaki la kumwondoa. Katiba ilikuwa na kifungu ambacho kila mtu alikikariri nusu: mjumbe asipohudhuria vikao 3 mfululizo bila udhuru anahesabiwa amejiuzulu. Alikuwa amekosa 3. Mwenyekiti akaniagiza niandae barua ya kumjulisha kwamba kiti chake kiko wazi.

Nilifungua katiba ili ninukuu kifungu neno kwa neno, nikakutana na maneno manne ambayo hakuna aliyeyakariri: "baada ya kuitwa ipasavyo." Kurasa mbili nyuma ilielezwa kuitwa ipasavyo ni nini: taarifa ya maandishi yenye ajenda, ifikishwe mlangoni au kwenye anwani iliyoandikishwa, siku 7 kabla. Kikao cha dharura kingeweza kuitishwa kwa saa 48, lakini nacho kwa maandishi na kwa ajenda. Sisi tulikuwa tukiitana kwa ujumbe wa simu: "Kikao kesho saa 1 usiku, tusikose." Katika vile vikao 3, kimoja tu kiliitishwa kwa utaratibu. Kwa hesabu ya katiba, alikuwa amekosa kikao 1.

Kulikuwa na jambo jingine zito zaidi. Mweka hazina alichaguliwa na mkutano mkuu moja kwa moja, kwa kura za wamiliki. Kamati haiwezi kumvua mtu cheo ambacho haikumpa. Kuna vyama ambavyo wamiliki huchagua kamati, kisha kamati ndiyo inayogawana vyeo yenyewe. Huko, kumhamisha mtu kutoka uweka hazina na kumwacha mjumbe wa kawaida ni suala la kikao kimoja. Kwetu haikuwa hivyo. Tungetuma barua ile, angeweza kuja mkutano mkuu na katiba mkononi na kutuaibisha, na kila hundi iliyosainiwa na mtu wa kumrithi ingekuwa na mashaka.

Basi nikaamua kujenga kesi upya, kwa uangalifu. Nilichukua karatasi, nikapiga mstari katikati, nikaorodhesha kila kitu tulichomwomba mweka hazina tangu lifti isimame, na upande wa pili alichofanya. Nia yangu ilikuwa kumfunga. Nilitaka orodha ndefu ya "hakujibu" niisome mbele ya wamiliki.

Orodha ilikuwa na mambo 14. Kwa yale yaliyohusu malipo ya kawaida nilihitaji tarehe, nikamwendea msimamizi wa jengo, kijana ambaye ndiye huchukua bahasha ya vocha kutoka kwa mwenyekiti, akaipeleka kwa mweka hazina, kisha akaifikisha benki. Akafungua daftari lake. Mishahara ya walinzi: imesainiwa siku hiyohiyo. Umeme wa ngazi na pampu ya maji: siku iliyofuata. Uzoaji taka, siku ya pili. Kuosha matangi, siku ya pili. Mambo 6 kati ya 14 yalikuwa yamejibiwa ndani ya siku 2, kimyakimya, bahasha ikipitishwa chini ya mlango na kurudishwa chini ya mlango. Yale 8 yaliyobaki, bila hata moja kukosea, yalihusu lifti.

Nikamwuliza msimamizi kwa nini hakutuambia. Akasema, "Katibu, hakuna aliyeniuliza."

Mtu asiyejibu chochote ana tatizo moja: ameugua, amesafiri, amechoka, au amejitoa moyoni. Mtu anayejibu mambo 6 na kunyamazia 8 yanayofanana ana tatizo jingine kabisa. Huyo anasema kitu. Wahenga waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu walikuwa wanaonya kuhusu watu wa namna hii, na sisi tulikaa wiki 4 tukisubiri mshindo badala ya kuuliza kimya chenyewe kinahusu nini.

Nilirudi kwenye muhtasari wa kikao cha kwanza, kile kilichoamua juu ya lifti, ambacho mweka hazina alihudhuria. Niliandika mwenyewe: "Wajumbe walikubaliana mkandarasi aliyekuwa akihudumia lifti tangu jengo likabidhiwe aanze kazi mara moja." Safi, sentensi moja. Kisha nikachukua daftari ninaloandikia kikao kikiendelea, kabla ya kunakili vizuri. Pembeni mwa ukurasa, kwa mwandiko wa haraka, nilikuwa nimeandika: "MH – makadirio 3?"

Nikakumbuka. MH ni mweka hazina. Alikuwa amesema, mara moja, kwa sauti yake ya chini, kwamba kazi ya ukubwa ule kwa mujibu wa kanuni zetu za fedha inahitaji makadirio ya bei kutoka kwa wakandarasi 3. Mwenyekiti akajibu kwamba kuna mgonjwa ghorofa ya 6 na hatuna muda wa makadirio. Watu wakaguna kukubaliana na mwenyekiti, mweka hazina akanyamaza, ajenda ikasonga. Mimi, wakati wa kusafisha muhtasari, nikaona hoja ile imekufa kikaoni, nikaiacha. Nikaandika "walikubaliana."

Sasa mtazame mtu huyu upande wake. Ametoa pingamizi, halikuandikwa. Ameletewa vocha isainiwe, nayo imeambatishwa muhtasari unaosema kwamba alikubali. Akisaini, anavunja kanuni ambayo yeye ndiye atakayeulizwa na mkaguzi wa hesabu. Akikataa kwa sauti, atakuwa adui wa mtu wa kiti cha magurudumu. Akachagua njia ya tatu: vocha ikaingia kwenye droo. Na baada ya ujumbe ule wa kundini, ikawa pia suala la heshima.

Naelewa, lakini simtetei. Mwenye madaraka anayekataa ana wajibu wa kukataa kwa maandishi. Mstari mmoja nyuma ya vocha, "sijasaini, nasubiri makadirio 2 zaidi," ungetosha, na kazi ingeendelea kwa njia nyingine. Vocha iliyofichwa drooni haimkatalii mtu wala haimkubalii. Inawafanya watu 31 wengine wabahatishe. Na jirani wa ghorofa ya 6 alilipa gharama ya ubahatishaji huo kwa kutoiona ardhi kwa mwezi.

Kilichobaki kilikuwa kufungua njia ya yeye kujibu bila kushindwa. Mwenyekiti hangeweza kwenda, nami sikuwa na uhakika kama ningefunguliwa mlango. Tukamwomba mjumbe mmoja, mama mtu mzima wa ghorofa ya 2, ambaye hakuwa ameandika neno lolote kundini. Nilimpa barua, na nikamwomba asijadili lifti hata kidogo, aikabidhi tu. Barua yenyewe ilikuwa hivi:

"Ndugu Mweka Hazina. Vocha ya malipo ya awali ya lifti iko kwako tangu kikao cha kwanza. Naomba jibu moja kati ya haya, kwa maandishi, kabla ya Ijumaa saa 12 jioni: kwamba unaisaini, au huisaini, na sababu yake, au kuna kitu unakihitaji kwanza, na kitu hicho ni kipi. Jibu lako litaingia kwenye muhtasari kama utakavyoliandika. Nimeona pia kwamba hoja yako ya makadirio 3 haikuingia kwenye muhtasari wa kikao kile. Kosa hilo ni langu, na nitaomba lisahihishwe kikao kijacho. Katibu."

Jambo moja, tarehe moja, njia tatu za kutokea. Hakuna "tumesikitishwa," hakuna "kwa mara ya mwisho." Nilirudia barua ile mara nne nikifuta vivumishi.

Mama alituhadithia baadaye. Mlango ulifunguliwa kwa "Shikamoo mama," akaitikia marahaba, akamkabidhi. Aliisoma amesimama. Alipofika sentensi za mwisho alikaa. Akasema, "Mimi sikunyamaza, mama. Nilisema, wakaandika kwamba nimekubali." Jibu lilikuja siku hiyohiyo, nyuma ya karatasi ileile: analihitaji lile alilolisema tangu mwanzo.

Makadirio mengine 2 yalipatikana kwa siku 8. Ninajua msomaji angependa kusikia kwamba mkandarasi wa kwanza alikuwa anatuibia. Hapana. Bei yake ilikuwa ya kati. Mmoja alikuwa ghali zaidi, mwingine nafuu lakini hakutaka kuandika dhamana ya vipuri. Kamati, kwa kikao kilichoitishwa siku 7 kabla, kwa barua, kwa ajenda, ilimchagua yuleyule wa kwanza. Mweka hazina akasaini palepale mezani. Sijui kama kuna kitu kilichomuuma mwenyekiti kuliko hicho: kwamba kama tungetafuta makadirio tangu siku ya kwanza, lifti ingekuwa inatembea kabla hata ya ujumbe wake wa kundini.

Katika kikao hicho tulisahihisha muhtasari. Huufuti ule wa zamani wala huuchani. Unaandika kwenye muhtasari mpya kwamba katika kikao fulani hoja ya mjumbe fulani iliachwa, na sasa inaingizwa kama ilivyosemwa. Mwenyekiti alisema maneno machache ya kuomba radhi, yakaandikwa pia, na kwa makubaliano yakatumwa kwenye kundi lilelile la wamiliki. Mweka hazina hakurudi kundini. Ni haki yake. Tunampelekea barua.

Je, kama orodha ile ya mambo 14 ingeonyesha kimya kitupu, bila saini hata moja? Hapo ningefuata njia nyingine, na ninaieleza kwa sababu kuna kamati zilizo huko sasa hivi. Barua ileile ingetangulia, tarehe ikiwa wazi. Tarehe ikipita, kungeitishwa mkutano mkuu maalum kwa namna katiba inavyotaka, na ajenda ingetaja jambo kwa jina lake: kuondolewa kwa mweka hazina na kuchaguliwa kwa mwingine. Kuficha hilo ndani ya "mengineyo" kunaharibu mkutano wote. Mhusika angepewa nafasi ya kujieleza, hata kama anajulikana hatakuja. Mrithi angechaguliwa mkutano huohuo, maana kumwondoa mtia saini wa lazima bila kumpata mwingine ni kujifungia nje ya akaunti yako mwenyewe. Kisha azimio lenye saini na vitambulisho vya watia saini wapya lingepelekwa benki, na kwa yule anayeondoka ingepelekwa orodha ya makabidhiano: vitabu vya hundi, vocha, daftari la fedha, muhuri, funguo, nywila. Orodha ya makabidhiano iandikwe kabla ya mkutano. Ukiiandika baada ya ugomvi, kila kitu ulichosahau kitakuwa kimepotea.

Sisi hatukufika huko, lakini mkutano mkuu uliofuata tulibadilisha vifungu viwili. Akaongezwa naibu mweka hazina, ambaye anaweza kutia saini pale mweka hazina anapokuwa hajajibu kwa maandishi ndani ya siku 5. Na mweka hazina akikataa kwa maandishi, naibu hawezi kumpita. Jambo linarudi kikaoni. Kifungu hicho cha pili kilipendekezwa na mwenyekiti. Kile kiti kilichokuwa wazi kilijazwa siku hiyo na jirani wa ghorofa ya 6.

Mweka hazina alimaliza muhula wake na hakugombea tena. Miezi michache kabla ya kuondoka, msimamizi wa jengo aliniletea bahasha iliyorudishwa kutoka mlangoni kwake. Ndani kulikuwa na vocha ya rangi ya ngazi, haijasainiwa. Nilihisi tumbo likikaza. Nikaigeuza. Nyuma yake, kwa penseli, alikuwa ameandika: "Yamekuja 2. Nasubiri la 3."

Lilikuja Jumatano. Akasaini Alhamisi.